Tangazo Lako la Pikapu na Mteremko wa Newala

Makote,
S.L.P. 37,
Newala.
9 Septemba 2024.

Mpendwa Mjomba Khalfan,

Shikamoo. Naitanguliza hoja yangu kabla ya kukujulia hali, huku nikijua kwamba navunja adabu ya barua, kwa sababu kila tunapoanza na salamu wewe na mimi, salamu humeza mazungumzo yote. Hoja ni hii: tangazo lako la pikapu ya Komesha, linaloichekesha nchi nzima, ni uongo wa kifizikia tangu kileleni hadi bondeni, na uongo huo haufutwi na kicheko cha mtu yeyote. Hilo ndilo nitakalolitetea hapa, na nitalitetea mbele ya yeyote utakayemtaka awe mwamuzi.

Sasa nakujulia hali. Waonaje afya yako? Lile goti lililokuwa likikusumbua limetulia? Hewa ya Dar es Salaam inakupokeaje katika miezi hii ya upepo? Sisi huku tu wazima, ila uzima wetu una ufa. Mikorosho imeanza kutoa maua, na vumbi la salfa limetanda hadi kwenye mapipa ya maji. Mama, dada yako Swaumu, anasali na anakula, lakini hacheki, na wewe unajua jinsi nyumba ile inavyokuwa Mama asipocheka.

Mdogo wangu Uwesu ametoka hospitalini. Anatembea kwa mkongojo, na wanasema mguu utaunga ingawa hautanyooka kama zamani. Bi Pili, abiria aliyeumia naye, amerudishwa nyumbani akiwa amelala kwenye godoro. Nyonga yake imevunjika. Hatalima tena, wala hatatwanga tena kinuni. Nakueleza kwa utaratibu kwa sababu nimetambua kwamba ulielezwa vipande vipande, na kila kipande ukakipatia mzaha wake.

Nianze na tangazo lenyewe, maana wewe ulilicheza na mimi nimelitazama kama mtu anayesahihisha mtihani. Unaonekana juu ya kilima, pikapu imejaa magunia, mbuzi, na kitanda. Juu ya mzigo wote ameketi mama mkwe kwenye kiti cha mkono, ameshika kikombe cha chai iliyojaa pomoni. Unalitoa gari gia. Unazima injini. Unauchomoa ufunguo na kuutundika sikioni kama kalamu ya fundi seremala. Kisha unaitazama kamera na kusema: «Kupanda nimepanda kwa mafuta yangu, kuteremka nateremka kwa mafuta ya Mungu.» Pikapu inashuka, inampita mzee wa baiskeli, inalipita basi. Bondeni kuku anavuka na vifaranga vyake. Unagusa breki kwa kidole cha mguu, gari linasimama kama lililopigiliwa msumari, na chai ya mama mkwe haimwagiki hata tone.

Mimi si mtu wa chuki, nami nitakupa haki yako. Pale ulipompita mzee wa baiskeli, fizikia ilikuwa upande wako: kitu kizito kikishuka kwa kujiachia, hewa hukizuia kwa shida kuliko kitu chepesi chenye umbo kubwa. Hapo tu. Mengine yote ni batili.

Chai ile isingebaki kikombeni. Gari likisimama ghafla, kilichomo hakisimami kwa sababu gari limesimama. Kinaendelea na mwendo wake hadi kipate cha kukizuia. Mama mkwe, kiti, mbuzi na kikombe vingepita juu ya kichwa chako na kumtangulia yule kuku. Hili nakusamehe, maana kila mwenye macho analiona ni mzaha.

Ufunguo ukiuchomoa, usukani wa magari mengi hujifunga. Ungekwenda moja kwa moja mahali barabara inapokunja, na tangazo lingeishia korongoni. Hili pia karibu nikusamehe.

Ila breki sikusamehe. Breki haili mwendo. Inaugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukiongezeka maradufu, joto ambalo breki inapaswa kulimeza linakuwa mara nne, na magunia yakiongezeka joto nalo linaongezeka. Ndiyo maana dereva wa kweli hushuka na gia ndogo, ili injini nayo isaidie kulishika gari. Wewe ulimnyang'anya dereva msaada huo, kisha ukazima injini, ambayo ndiyo inayoipa breki wepesi wake. Injini ikiwa imekufa, breki hukubali mkanyago wa kwanza, pengine na wa pili. Baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama shina la mkorosho.

Na hata hayo mafuta ya Mungu hayapo, Mjomba. Injini za siku hizi, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondoka kwenye pedeli ya mafuta, hazinyunyizi mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiitoa gia na kuiacha injini iungurume, ndipo inapodai mafuta ili isizimike. Ukiizima, huokoi zaidi ya yule aliyebaki kwenye gia. Umeuza breki zako na hukupata kitu.

Utasema, na najua ulishasema, kwamba kichekesho hakifanyiwi mtihani. Nimelifikiria hilo kwa haki. Lipo tangazo jingine ambalo kunguru wanalibeba gari kwa kamba na kulivusha mto. Hakuna hata mtu mmoja hapa Newala aliyekwenda kukamata kunguru. Kichekesho kinachoivunja sheria ya maumbile waziwazi hakimdanganyi mtu, kwa kuwa kinajitangaza kwamba kimeivunja. Kinachodanganya ni kile kinachoweka upuuzi juu, kama chai na ufunguo, na chini yake kuficha kosa moja linalofanana na busara. Na kosa ulilolificha ni lile lile ambalo madereva wetu wamekuwa wakilinong'onezana kwa miaka mingi, kwamba mteremko ni bure. Wewe hukulibuni. Ulilipa sauti tu, nalo likaacha kunong'onwa.

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi kuliko fizikia.

Tangazo lile Uwesu hakuliona kwanza kwenye televisheni. Ulilituma wewe mwenyewe kwenye kundi la ukoo, kwenye simu, na chini yake ukaandika: «Wapwa zangu, mtazameni mjomba wenu, mjifunze kuendesha.» Yale maandishi madogo ya onyo, yanayopita chini ya tangazo kwa haraka, hakuna aliyeyasoma. Maneno yako tuliyasoma sote. Wewe umeishi mjini muda mrefu, huenda umesahau uzito wa neno hilo huku. Baba anaweza kutania. Rafiki anaweza kutania. Mjomba akimwambia mpwa wake ajifunze, hata kama anacheka, mpwa hujifunza, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba mwili ni wa mama na neno ni la mjomba. Ni wewe uliyetupeleka jandoni. Ni wewe tuliyeambiwa tusikubishie.

Uwesu alipakia makopa ya muhogo kule Chilangala, akapita hapa Makote kumchukua Bi Pili, aliyekuwa akienda kumwona binti yake Nanganga. Ndani ya gari palikuwa na watu tayari, naye mwenyewe akasema apandishwe juu ya magunia. Alikuwa na chupa yake ya chai mapajani. Nasikia alipokaa vizuri aligonga bati la paa kwa kiganja na, akijifanya yule mama mkwe wa tangazo, akamwambia Uwesu, «Haya, mkwe wangu, nishushe kama yule wa mjomba wako.» Watu waliokuwa hapo walicheka sana. Hivyo ndivyo tangazo lako lilivyoenea: bibi kizee asiye na televisheni alilijua.

Pale mteremko wa Newala unapoanza, Uwesu alilitoa gari gia na kuzima injini. Ufunguo hakuuchomoa. Nilimuuliza hospitalini kwa nini aliuacha, naye akanijibu akitazama ukuta: «Ule wa sikioni niliona ni utani. Yale mengine nilijua mjomba anatufundisha.»

Nimesoma vitabu vingi, Mjomba, vya sayansi na visivyo vya sayansi, na sijakutana na sentensi iliyonikata kama hiyo. Mtu asiyefika kidato cha tano aliweza kutenganisha mzaha na somo ndani ya tangazo lako, na alikosea mahali pamoja tu, pale alipokuamini.

Breki ilishika mara ya kwanza. Kwenye kona ya pili ilikuwa ngumu, na usukani nao ulikuwa mzito. Alilielekeza gari kwenye ukingo wa udongo ili lisiende korongoni, na kwa hilo nasema ni dereva hodari. Gari lilisimama. Magunia hayakusimama, wala Bi Pili.

Tangu hapo, kaka yake Bi Pili, Mzee Khalidi, anasubiri. Hadai fidia, alishasema kwamba atakayemletea fidia atamfukuza. Anadai kile ambacho mila inakidai: mpwa akimuumiza mtu, mjomba wake huja, hutandikiwa mkeka, hukaa chini, hulitaja kosa kwa kinywa chake mbele ya watu, kisha aliyeumizwa huulizwa kama ameridhika. Mkeka huo haukaliwi na mama. Wala haukaliwi na kaka mwenye shahada, maana nilikwenda. Nilivaa kanzu, nikaketi, nikaanza kueleza habari ya joto la breki. Mzee Khalidi alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa, kisha akasema: «Mwanangu Shamte, umesema vizuri na nimeelewa. Sasa inuka, hapo si pako. Mwenye mpwa yuko wapi?»

Niliinuka. Vijana waliokuwa nje walianza kuimba lile neno lako la mafuta ya Mungu, na mmoja akaniuliza kama na mimi nimeteremka bure.

Mama alikupigia simu siku hiyo hiyo. Nilikuwa pembeni yake na spika ilikuwa wazi. Ulimwambia: «Dada, mwambie Uwesu yule wa kwenye tangazo si mimi. Ni kazi tu.» Mama alikuuliza, kama si wewe, sura ile ni ya nani. Ulicheka, ukasema mtandao unasumbua.

Tangu siku hiyo watu wanasema Uwesu alikuwa amelewa. Hajawahi kuonja pombe, nawe unajua. Lakini mjomba wake amelikana neno lake, basi neno hilo limebaki halina mwenyewe, na mtu aliyezima injini kileleni bila kuambiwa na yeyote ni ama mlevi ama mwendawazimu. Tajiri wa pikapu, Bwana Modest, ambaye ni mgeni wa mkoa huu na si mtu mbaya, aliniambia kwamba angemrudisha kazini mguu ukipona, ila hawezi kumkabidhi gari mtu ambaye hata ukoo wake haumsemei. Hicho ndicho kilichoko hatarini, Mjomba. Mguu umekwisha vunjika. Jina la mdogo wangu bado linaweza kuungwa, na mwenye kuliunga ni wewe peke yako, na kila wiki inayopita linaunga vibaya.

Kwenye kundi la ukoo ulilifuta lile tangazo. Nililiona limefutwa. Kwenye televisheni linaendelea kila jioni kabla ya taarifa ya habari, na hapa Makote wanaolitazama sasa, linapoanza, hugeuka na kututazama sisi.

Nisalimie mkazamjomba Shamsia, umwambie vitenge alivyotuma vilimfikia Mama, ingawa hajavifungua. Msalimie binamu yangu Nasibu, umwambie kitabu cha umeme nilichomwahidi kipo, nitakituma akifaulu. Bibi mzaa mama anakuulizia kila mara gari linaposimama barabarani. Josephina, muuguzi aliyemtunza Uwesu, ambaye ni shabiki wako mkubwa, naye anakusalimu. Yeye salamu zake ni za dhati, hajui haya yote.

Nakala ya barua hii nimemkabidhi Mzee Khalidi, na kwa idhini yake nitaisoma barazani kwake Ijumaa baada ya swala. Kwa hiyo usinijibu mimi, wala usimpigie Mama simu ya pembeni, wala usitume sukari na kanga. Nakutaka ujibu hadharani. Kama nimekosea katika breki, katika gia, katika mafuta au katika usukani, simama mbele ya watu unikosoe, nami nitakubali mbele ya watu hao hao. Kama sikukosea, chagua moja: njoo Makote ukae kwenye mkeka ule, au ingia kwenye simu hiyo hiyo uliyotuchekesha nayo, kwa sura yako na kwa jina lako la ukoo, useme kwamba uliwaambia wapwa zako wajifunze, kwamba somo lilikuwa la uongo, na kwamba Uwesu hakulewa, alitii.

Mola akupe ulimi wa kweli na moyo wa kuubeba. Nasi atupe subira ya kungoja.

Mimi mpwa wako, ambaye bado nakuita Mjomba,

Shamte