Walivyomfungia Restituta kwa Kulima kwa Kiingereza

S.L.P. 38,
Biharamulo.
Jumanne, 5 Desemba 1978.

Mpendwa Dada Zita,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha shemeji kimetulia. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, ni mguu tu unaomsumbua asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Mihogo imeshika. Sukari tumeisahau, na chumvi tunaifuata hadi Runazi, tena kwa foleni. Usiku tunakula gizani kwa sababu ya amri ya kuzima taa. Malori ya jeshi yanapita kuelekea kaskazini na watoto wanayapungia mikono.

Barua hii siitii posta. Watu wanasema barua zinafunguliwa njiani, na mimi ni karani wa kijiji tu, sina ubavu wa kuulizwa maswali. Nampa Privatus, dereva wa lori la misheni, anayekuja huko kesho kuchukua dawa. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Dada, nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Inamhusu Restituta wa Shangazi Petronila. Wewe ndiye uliyemwombea nafasi ya usaili katika chuo cha uuguzi, na usaili wenyewe ni Ijumaa hii, na utakuwa wa Kiingereza mtupu. Sasa huenda asifike, kwa sababu zisizo na kichwa wala miguu.

Uliponiandikia mwezi wa tisa kwamba nimsaidie Kiingereza, nilikaa nikafikiri nianzie wapi. Alimaliza darasa la saba, akafanya kazi ya kuosha vyombo zahanati, Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma vibandiko vya chupa. Nikaona nimpe kitenzi kimoja kwanza akimalize. Nikachagua get, maana nimeona Mwingereza akiishiwa maneno hukimbilia hicho. Anakitumia kupata, kufika, kuelewa, kulowa mvua, kuzeeka, kuoa. Ukikiongezea kineno kidogo nyuma kinageuka kabisa: mgonjwa anaamka, anapanda kitandani, anashuka, anapona. Nikamwambia, ukishika hiki tu, utaweza kumwuguza mtu kuanzia mlangoni mpaka siku anayorudi kwao.

Alikishika, Dada. Ila unajua kijijini hakuna mafuta ya taa wala nafasi ya kukaa na daftari, asubuhi sote tuko shamba la kijiji. Na unawajua wanawake wa Kisukuma waliohamia huku, hawalimi kimya. Wanasimama mstari mmoja, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Anayeanzisha akinyamaza, jembe halinyanyuki. Mwaka huu kazi hiyo alipewa Restituta kwa ajili ya sauti yake, ingawa si Msukuma. Basi akafanya jambo ambalo mimi mwenyewe nisingelifikiria: akaugeuza wimbo kuwa somo. Yeye anapaza, "Get up!" wao wanaitikia, "Inuka!" majembe juu. "Get down!" "Inama!" majembe chini. Mama Clotilda, anayesimamia mstari, aliupenda kuliko nyimbo zote. Waliendelea hivyo wiki nzima na hakuna shamba lililokwenda haraka kama lile.

Alhamisi iliyopita akapita Anastazi, kamanda mpya wa mgambo, aliyeletwa kwetu vita ilipoanza. Akiwa barabarani akaona mstari wa watu wenye vitu mabegani, wanainuka na kuinama pamoja kwa amri ya Kiingereza. Alirudi mbio ofisini akisema wanawake wanapigishwa kwata na mtu wa upande wa pili. Nilikuwapo. Nilidhani anatania. Baada ya saa moja Restituta aliletwa kafungwa mikono kwa kamba ya gunia, matope bado miguuni, wakamtia katika ghala la mbolea.

Ghala la mbolea, Dada. Unajua mbolea ile ya chumvichumvi inavyouma macho. Shangazi alipeleka chakula, mgambo wakasema lazima waonje kwanza, wakaonja mpaka bakuli likaisha. Shangazi akarudi na bakuli tupu hana hata nguvu ya kulia.

Jumamosi wakaitisha baraza. Katibu wa kijiji, Ndugu Xavery, bosi wangu, alikaa katikati. Nilisimama nikasema kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Sijui sauti hiyo ilitoka wapi. Anastazi akafurahi, akanivuta mbele.

"Enhe, karani. Hilo neno lenu maana yake nini kwa Kiswahili?"

Nikajibu, kupata.

"Kwa hiyo hiyo get up ni kupata juu?"

"Hapana, Ndugu Kamanda. Ni kuinuka. Au kuamka."

"Na get down?"

"Ni kushuka. Kuinama."

"Kupata kumekwenda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema mgambo wake walimsikia pia akiimba get over. Nikaeleza kuwa ni kupona, kama mtu alikuwa mgonjwa.

"Usinifanye mtoto. Over ni ng'ambo, hata mimi nilikalia dawati. Ng'ambo ipi? Ng'ambo ya Kagera?"

"Ni homa, Ndugu Kamanda. Unaivuka homa."

"Homa haina daraja! Neno moja haliwezi kuwa na kazi zote hizo. Neno linalobadilika kila likiulizwa ni neno la siri."

Kila nilichokieleza kilizidi kutuzamisha. Ndipo Mama Clotilda akainuka, bado ana jembe lake.

"Kamanda, mwanangu, sisi sote tuliimba. Kama ni maadui, mbona umemchukua mmoja, ukatuacha sisi na majembe?"

"Mama, wewe Kiingereza unakijua?"

"Sikijui. Lakini nimekilimia mpaka mtoni. Wewe unayekijua, umelima wapi?"

Baraza zima likalipuka kwa kicheko, hata wazee. Lakini kicheko hakikumfungua mtu. Restituta alirudishwa ghalani.

Sasa nikwambie kinachoniuma hasa. Anastazi simlaumu sana. Ni mtu wa bunduki, ameambiwa adui yuko kila kichaka, na ndugu yake yuko mstari wa mbele. Ninayemchukia ni Ndugu Xavery. Yule amesoma sekondari mpaka mwisho. Aliwahi kuniambia kwamba walimu wake walimchapa kwa ajili ya kitenzi hicho hicho. Alijua kila neno nililosema kuwa ni kweli, na sentensi moja kutoka kwake ingemtoa yule binti siku ile ile. Alikaa anaparuza kucha zake kwa kijiti cha kiberiti. Baadaye ofisini akaniambia, kwa upole kabisa, "Ansbert, wakati wa vita mtu mwenye Kiingereza hukificha." Redio anayosikilizia habari za vita imeandikwa Kiingereza. Dawa iliyomponya mtoto wa Anastazi mwezi uliopita ilisomwa na Restituta kutoka kwenye chupa ya Kiingereza. Gunia la mbolea aliloegemea ghalani lina Kiingereza ubavuni. Vyote hivyo ni halali, isipokuwa Kiingereza kikitoka kinywani mwa msichana mwenye jembe.

Waliomtoa ni wanawake. Jana Jumatatu walikwenda shambani alfajiri kama kawaida, wakasimama mstari, wakakaa chini. Mgambo wakawauliza kulikoni. Wakajibu kwamba anayeanzisha wimbo hayupo, na bila yeye jembe halinyanyuki, ndiyo desturi. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyegoma. Walikuwa tayari kabisa kulima, wanangoja wimbo tu. Mahindi yale yameahidiwa jeshi, na wilaya inaulizia palizi kila wiki. Kufika jioni Ndugu Xavery aliamuru ghala lifunguliwe.

Lakini amemwekea sharti kwamba asitoke nje ya kijiji mpaka wilaya ijibu taarifa yake. Wilaya ina vita mikononi, itajibu lini? Na bila barua ya ruhusa yenye muhuri wa kijiji, askari hawatamvusha kwenye kivuko. Nimemwomba Ndugu Xavery barua hiyo mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama kazi yangu nimeichoka.

Kwa hiyo nakuomba, Dada, nenda chuoni kesho kutwa uwaambie wamwekee nafasi. Waambie anaumwa. Waambie lolote. Naishia hapa, giza linaingia na taa haziruhusiwi.

Jumatano asubuhi.

Dada, nilidhani nimemaliza, naona naendelea. Naandika haraka, Privatus anajaza maji kwenye rejeta.

Nimefika ofisini mapema. Ndugu Xavery amekwenda mjini kwenye mkutano, na kama kawaida ameniachia muhuri kwa barua ndogondogo, za mtu anayepeleka mbuzi mnadani au mjamzito anayekwenda kujifungua. Nilikaa na muhuri ule mbele yangu mpaka wino ukaanza kukauka. Nilifikiria kuiga sahihi yake, naijua kuliko ninavyoijua yangu. Kisha nikaona nikiiga nitakuwa nimefanya kosa la kweli, na wao ndio watakaokuwa na haki.

Nimeandika barua ya ruhusa. Sababu ya safari nimeandika ile ya kweli: usaili wa chuo cha uuguzi. Chini nimeweka jina langu kamili, cheo changu cha karani, na sahihi yangu mwenyewe. Nimegonga muhuri mara moja tu, lakini umetoka umepinda. Ninaogopa sana, Dada, sikufichi. Akirudi jioni nitamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Ikiwa nitafukuzwa, nitarudi kwa Mama kulima. Ikiwa ni zaidi ya kufukuzwa, utasikia.

Kwa hiyo chuoni usiende kusema anaumwa. Restituta amekaa mbele ya lori pembeni ya Privatus, amejifunga kanga ya Shangazi, na barua hii ataishika yeye. Ukiwa unaisoma, basi amevuka.

Msalimie sana shemeji, na jirani yenu Kazimili, na mtoto wake mchanga ambaye hatujamwona. Mama anakusalimu, Shangazi Petronila anakusalimu huku ameshika ubavu wa lori haliachii. Mama Clotilda anasema hakujui lakini nikusalimu. Mungu aulinde mlango wako, na awarudishe salama wote waliokwenda kaskazini.

Jambo moja la mwisho. Tangu atoke ghalani Restituta anakariri kwa kunong'ona. Nilimjaribu jana usiku. Hajasahau hata neno moja, lakini midomo inacheza na sauti haitoki, na kila mtu akipita nje ananyamaza. Wasaili hawatamsikia. Akishaoga na kula, mpeleke ufukweni penye upepo, wewe usimame mbali, mwambie aanze na get, na usimruhusu arudi nyumbani mpaka umemsikia kutoka hapo uliposimama.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Ansbert.