Ukoko wa Shemeji

Jumanne, tarehe 9 Juni

Kwa Shangazi wa ukurasa wa nyuma,

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakuita Shangazi kama wote wanavyokuita ingawa huenda nimekutangulia kuzaliwa, maana nina wajukuu na magoti yanayolalamika, lakini jambo lililonipata ni la kitoto na naona aibu kumwambia mtu anayenifahamu.

Mimi ni karani wa mapokezi katika ofisi ya bima katikati ya mji, na mume wangu alikuwa fundi wa lifti za majengo ya mtaa ule ule, na kwa miaka mingi chakula cha mchana tulikula pamoja kwa Mchina mmoja kwenye kichochoro nyuma ya duka la fremu za picha, mahali padogo ambapo huwezi kupaona usipoelekezwa, ila harufu ya tangawizi na kitunguu saumu inakupokea tangu kwenye kona. Siku za mwanzo mpishi alijua maneno machache tu ya lugha yetu, karibu, kali, kidogo na kesho, halafu mtu akamfundisha neno dada, basi akaniambia, "Karibu, dada," na mume wangu akadakia hapo hapo, "Kama huyu ni dada yako, mimi ni shemeji yako, na shemeji hapimiwi nyama." Jina likabaki hilo, Shemeji, mpaka wateja wengine wakawa wanamwita mume wangu hivyo bila kujua undugu ulianzia wapi.

Pale wali wanaupika asubuhi kwenye sufuria kubwa, kisha wanaukaanga kwenye karai kila mtu anapoagiza. Siku moja mume wangu, ambaye hakuweza kupita penye mashine au moto bila kuchungulia, aliingiza kichwa kwenye dirisha la jikoni akamkuta mpishi ameshika jagi anataka kuloweka sufuria, na chini ya sufuria kuna ukoko mzuri wa rangi ya kahawia, akapiga kelele, "Usimwage maji!" mpaka watu wakainuka wakidhani kuna aliyeshikwa na umeme. Akamwelekeza kwa mikono, ubandue mzima, ulete mezani, umwagie mchuzi wa kuku wa tangawizi ukiwa wa moto, na ulipomwagiwa ukalia chwaaa, na mpishi akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Baadaye alipojua maneno zaidi alitueleza kwamba kwao mama yake alikuwa akiwapa watoto ukoko, ila hakudhani mteja anayelipa angekubali kupewa. Tangu hapo ukoko ukawa wetu, sahani moja kwa siku kwa sababu sufuria ni moja, na meza yetu ni ile iliyo chini ya dirisha la jikoni. Mume wangu alikuwa ananivunjia ukingo kwa kuwa ndio mkavu, yeye anakula katikati palipolowa, na bisibisi yake ndogo yenye mpini mwekundu anaiweka kando ya vijiti kwa sababu ikikaa mfukoni inamchoma akiinama.

Mwaka jana kazini kwake walimpangia safari ya kwenda kufunga lifti ya hospitali mji mwingine, akamuaga mpishi, akamwambia, "Nikiwa sipo, ukoko wangu mpe dada yako." Safari hakwenda. Jumamosi alifua shati lake la kusafiria, akalianika, akajinyoosha kitandani kidogo, na shati lilipokauka nilikwenda kumwamsha nikakuta ameshaondoka. Niliporudi kazini baada ya msiba nikaanza kupita mtaa wa pili, na pale kwa mpishi sijakanyaga tena, nakula mkate mezani kwangu huku nikipokea simu.

Sasa wivu, Shangazi. Ofisini wamechoka na chipsi baridi, na kila ikifika saa sita ni kulalamika, mpaka mhasibu wetu mpya, binti mchangamfu ambaye ana mchumba anafanya kazi benki ya jirani, akaja pale mapokezi akaegemea kaunta.

"Mama Mapokezi, wewe umekaa hapa tangu hili jengo lina harufu ya saruji. Hakuna Mchina mzuri hapa karibu, wa kwenda na kurudi ndani ya saa moja?"

Nikamwambia hapa karibu hakuna, labda waende barabara kuu, kwenye ule mgahawa wenye taa nyekundu, nikijua kabisa chakula cha pale kikoje. Walikwenda kundi zima, wakarudi wamechelewa na jasho juu, na dereva wa ofisi akaniambia mbele ya wageni, "Mama, umetutuma kula kamba za viatu! Tena zina sukari!" Wakacheka, nami nikacheka, na moyoni nilikuwa nimeridhika.

Lakini yule binti ana pua. Wiki iliyofuata alikwenda kutengenezesha fremu ya picha ya uchumba wake, akarudi anang'aa.

"Mama Mapokezi, kumbe ulikuwa hujui! Nyuma ya duka la fremu! Na kuna kitu kinaitwa Ukoko wa Shemeji, kinatoka sahani moja tu kwa siku, mpishi anampa anayemtaka yeye, na leo katupa sisi, mimi na huyu wangu."

Nilihisi kama nimemkuta amevaa shati la mume wangu.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, huyo Shemeji ni nani. Akasema, "Hata mimi nilimuuliza. Eti ni shemeji yake wa kweli, kasafiri kikazi, na siku akirudi mimi sipati tena. Kwa hiyo acha nile haraka kabla hajarudi!" Akacheka akaenda zake kunawa mikono.

Tangu siku hiyo namwonea wivu kwa kila kitu, hadi anavyopiga chafya. Namwonea wivu akiangalia saa kabla ya mchana, namwonea wivu mchumba wake anapokuja kumngoja ngazini, na mpishi nimemkasirikia, maana agizo aliachiwa la kunipa mimi. Juzi binti aliniletea kipande, amekifunga kwa karatasi ya fedha, akasema, "Onja, Mama, utanishukuru." Nikamwambia jino linauma, nikakitia kwenye droo. Jioni wote walipoondoka nikakifungua, kimelegea kama karatasi iliyonyeshewa, nikala hivyo hivyo nikilia.

Na sasa meneja anataka chakula cha mkutano wa mwisho wa mwezi kitoke pale, na ikipendeza, kila mkutano utaagizwa pale. Mambo ya wageni na vyakula yako kwangu, akaniuliza, "Mama, wewe ndiye mwenyeji. Pale pako safi?" Shangazi, uongo ulikuwa umeshakaa kwenye ulimi, kwamba niliwahi kula pale nikaumwa tumbo, neno moja tu na hakuna mtu wa ofisi yetu angekanyaga tena kichochoro kile. Simu ikalia, nikaipokea, nikamwambia nitamjibu. Naona wakienda wote pale, watapachezea na kupapiga picha, na mimi sina mahali pengine ambapo mume wangu bado anangojewa. Je, niseme lile neno, au ninyamaze? Naomba unijibu hata kwa ufupi, na usinisahau katika barua nyingi unazopokea.

Ni mimi,
Karani wa Mapokezi

*

Mama wa Mapokezi,

Pole sana kwa msiba. Nimekupa pole kwa moyo wote, sasa kaa vizuri nikuseme.

Hilo neno usiliseme. Mahali pale unapajua ni safi kuliko jiko lako, na ukilisema utakuwa umemfungia riziki mtu anayekuita dada. Mgahawa mdogo ukishasemwa tumbo, hauinuki. Umenielewa? Hapo hatujadiliani.

Unasema mpishi amevunja agizo. Hebu rudia barua yako mwenyewe. Aliambiwa, "Mpe dada yako." Dada akahamia mtaa wa pili. Ulitaka afanye nini na ukoko, autundike ukutani? Amempa binti mwenye njaa, na angeweza kuuita jina lolote la kuvutia wateja, lakini ameuita Ukoko wa Shemeji, tena kila anayeupata anaambiwa kwamba mwenyewe akirudi watampisha. Mtu aliyesahau hafanyi hivyo.

Na binti anayekunyang'anya hakuletei kipande kwenye karatasi ya fedha. Huyo hajui kitu. Kauli ile ya "kabla hajarudi" imekukata, najua, imenikata hata mimi niliyeisoma tu, lakini kosa si lake. Hakuna aliyemwambia kuna mtu wa kulilia.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta wivu wako unatokea wapi, na nadhani nimepaona. Umeniandikia kila kitu, mpaka mpini wa bisibisi ni mwekundu, lakini hukuandika kwamba ulikwenda kumpa mpishi taarifa. Hukwenda, Mama. Ndugu walipigiwa simu, majirani wakaja, kazini kwake wakaja, na yule pale jikoni mpaka leo anaamini shemeji yake yuko safarini anafunga lifti ya hospitali. Mle ndani mume wako hajafa, ndiyo maana hutaki mtu aingie. Nakuelewa. Ningekuwa wewe labda nami ningepita mtaa wa pili. Lakini umemnyima mtu msiba wake, na hilo si haki. Naye alikuwa na shemeji.

Basi fanya hivi. Nenda kesho, kabla ya saa sita, watu wakiwa bado hawajajaa. Usimtume binti, usipige simu. Simama kwenye dirisha la jikoni, pale alipokuwa akiingiza kichwa. Akikuona atafurahi, na furaha yake ndiyo itakayokuumiza kuliko yote, kwa hiyo usimwache aulize. Mwambie wewe mwanzo, kwa maneno mafupi: Shemeji amefariki, safari hakwenda. Akinyamaza, nyamaza naye. Akienda nyuma kulia, mngoje. Kisha kaa kwenye meza yenu ule, hata kama ni vijiko viwili. Bisibisi iache nyumbani siku hiyo, la sivyo hutameza.

Ukitoka hapo, panda ofisini umwambie meneja pako safi, aagize. Wataelewana na mpishi, na ukoko hautoshi mkutano mzima hata wakipiga picha mpaka simu zizime. Sufuria ni moja.

Binti mwambie mwisho. Mchukue mchana mmoja muende naye, mchumba wake abaki benki kwake, na mkiwa mmekaa mwambie Shemeji alikuwa nani. Atakumbuka alichosema na atalia, tena ataapa hatakula tena. Umkatalie. Mvunjie ukingo, wewe kula katikati.

Wivu sikwambii uumalize, hauishi kwa kuamriwa na gazeti. Ukuume tu ukiwa umekaa mezani na watu, usikuume ukiwa peke yako na droo.

Na uwahi kabla mpishi hajashika jagi. Ukoko wa kwanza ukilia pale mezani, nikumbuke na mimi.

Shangazi