Mawe ya Mlango wa Mbele

Eldoret,
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa Babu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ukiisoma umesimama goti litakuuma na lawama zitakuwa zangu. Linaendeleaje? Na kikohozi cha bibi yangu, Dani? Sisi huku tu wazima, ila mvua haijaanza na vumbi linaingia hadi kwenye chai.

Babu, nakuandikia kwa sababu masikio yako hayapatani na simu na jambo lenyewe haliwezi kungoja. Baba Mdogo anataka kung'oa mawe uliyoyapanga uani. Yote, kuanzia getini hadi kwenye ngazi za mlango wa mbele. Mahali pake ataweka kabro, vile vitofali vya saruji vya kupanga chini, za rangi mbili, nyekundu na kijivu, zenye nyota katikati. Alizipenda kwa jirani yetu, Bwana Mabonga, ambaye ua wake sasa unafanana na kituo cha mafuta kinachongoja pampu.

Kontrakta anaitwa Kimutai. Alikuja na kitabu cha picha, na ndani yake hakuna nyumba hata moja yenye msingi wa mawe, kuta za mbao na mabati mekundu kama yetu. Zote ni za vioo. Nilipomwambia hivyo, alinitazama kama mtu aliyesikia kuku akisoma gazeti.

Baba Mdogo hakunifokea. Alisema niandike mpango wangu kwenye karatasi moja kabla shule hazijafungwa, naye atausoma. Nadhani alitaka tu ninyamaze, lakini alisema.

Kwa hivyo nisaidie. Nyumba ya miaka tisini inataka nini mbele yake? Nikiandika vizuri, mawe yatabaki, na labda utakuja kuyaona. Ni miaka mitatu tangu uondoke hapa na hakuna anayeniambia kwa nini.

Mjukuu wako,
Marion Akumu

*

Ugunja,
14 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Akumu,

Nimeketi. Goti linauma hata hivyo. Dani yako amepona kikohozi na amepata tena nguvu za kunisema. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu baba yako, kabla ya kuhamishiwa Lodwar na kukuacha kwa baba yako mdogo Obonyo, hakupata nafasi ya kukufundisha Dholuo. Miaka kumi na sita haikumtosha.

Nimefanya kazi ya mawe miaka arobaini na sita. Kabro ni za mahali ambapo watu hupita bila kuangalia: stendi, sokoni, hoteli za watu wa semina. Na nyota ni ya nini? Nani atakayeitazama, ndege? Mwanangu ni daktari wa meno. Ameziba mapengo ya watu hadi sasa akiona ardhi wazi mkono unamwasha.

Unauliza nyumba hiyo inataka mawe gani. Inataka hayo hayo. Yalitoka machimbo yale yale yaliyotoa mawe ya msingi, ndiyo maana ukitazama huoni ua unaishia wapi na nyumba inaanzia wapi. Niliyapanga mwaka 1974 bila saruji, juu ya mchanga na kokoto, nikaacha nafasi ya kidole kati ya jiwe na jiwe ili maji yashuke. Yanateremka kutoka ukutani kwenda barabarani. Maji hayana adabu. Usipoyaonyesha njia yataingia sebuleni.

Mwenye nyumba wa wakati ule hakujua jina langu baada ya miezi minne. Siku niliyomaliza ngazi za mbele nilitaka kupita hapo niende kunywa maji. Nikaambiwa mafundi hupitia nyuma.

Kisha mwanangu akainunua nyumba hiyo hiyo. Nilifika nikitoka shambani, mvua imenyesha, kuna wageni sebuleni. Akanikuta mlangoni, akasema, "Baba, pitia nyuma, viatu vina matope." Nikapitia nyuma. Nikaendelea moja kwa moja hadi stendi.

Sasa unajua. Mwache aweke kabro zake. Ila niambie kitu kimoja. Vile vitundu vyenye vyuma vilivyo chini ya ukuta, chini ya sakafu ya mbao, viko wazi bado? Na ni vidole vingapi kutoka juu ya mawe hadi kwenye tundu?

Babu yako,
Ooko

*

Eldoret,
Jumapili, 30 Machi 2025

Kwa Babu,

Shikamoo, na pole kwa goti. Nafurahi Dani amepata nguvu, hata kama wewe ndiye unayezilipia. Mvua imeanza, mahindi ya watu wa Ainabkoi yatapandwa kwa wakati.

Niliisoma barua yako mara tatu. Sikujua habari ya viatu. Nimefanya ulichoniambia. Matundu ni kumi na mawili na yote yako wazi. Kutoka kwenye mawe hadi kwenye tundu ni vidole vyangu vinne. Kimutai alinikuta nimepiga magoti nikipima, akaniuliza kama nimepoteza hereni. Nilipomuuliza matundu ni ya nini, alisema ni ya panya, na akacheka peke yake. Wewe unayaulizia kwa nini?

Kuhusu mpango, Babu, hapo sikukutii. Niliuandika. Nilisema mawe yabaki mbele ya nyumba na kabro ziwekwe getini tu, gari linapopita, za kijivu na bila nyota. Nilichora hata mteremko wa maji. Madam Chepkirui, mwalimu wetu wa fizikia, aliusahihisha mchoro na kusema ni kazi safi.

Baba Mdogo aliusoma amesimama, funguo za gari mkononi. Akasema, "Umeandika vizuri sana, Marion. Lakini mawe yanashika matope." Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakuitupa. Nimeliweka hilo moyoni.

Mjukuu wako,
Akumu

*

Eldoret,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Kwa Babu,

Mko wazima? Nimengoja barua yako wiki nne. Kama ni goti, mwambie Dani aandike wewe ukisema. Kama ni hasira, hasira pia inaweza kuandikwa.

Kazi imekwisha. Ilichukua siku tisa. Mawe yako yamerundikwa kando ya ua wa nyuma kama takataka za arusi. Kimutai alimwaga mawe madogo, akamwaga murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, akamwaga mchanga, kisha akapanga kabro juu. Sasa zinang'aa mbele ya nyumba kama meno ya bandia katika mdomo wa bibi wa miaka tisini. Nyota imekaa upande, kwa sababu mtu alihesabu vibaya, na ncha moja imekatwa na ngazi. Bwana Mabonga alikuja kuitazama akasema tumependeza. Hilo linatosha kukuonyesha hali.

Ua umepanda juu. Nilikuambia vidole vinne, sasa havipo. Kabro zimefika katikati ya matundu, na sehemu iliyobaki Kimutai ameipiga plasta. Anasema ni usafi. Tena aliufuata usawa wa saruji ya getini, ulio juu, kwa hivyo maji ya mvua ya jana hayakwenda barabarani. Yalikuja kwetu, taratibu, kama wageni.

Nilimwambia Baba Mdogo maji yanarudi. Akasema kontrakta ana uzoefu.

Babu, matundu yale ni ya nini? Tafadhali nijibu safari hii.

Mjukuu wako,
Akumu

*

Ugunja,
6 Mei 2025

Kwa Akumu,

Tu wazima. Dani anakusalimu. Barua zako zote zimefika.

Nilicheka habari za nyota hadi Dani yako akaja kuangalia kama nimepaliwa. Huyo Kimutai asingebeba hata ndoo yangu ya mchanga. Na kama ana uzoefu, ni uzoefu wa kukosea mahali pengi.

Usimwambie Obonyo neno. Amesoma miaka sita kujua jino linaozaje. Acha mvua ya mwezi huu inyeshe.

Babu yako,
Ooko

*

Eldoret,
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Babu,

Natumai mko salama. Sisi si salama sana.

Ilianza kwa harufu, kama gunia la viazi lililosahauliwa. Wiki iliyopita niliinua kitanda changu ili nifagie, nikakuta uyoga. Uyoga, Babu, ndani ya nyumba, umeota kati ya mbao mbili. Sebuleni ubao mmoja umelainika, ukiukanyaga unashuka. Mbao zilizokaa kavu miaka tisini zimeharibika kwa mvua za msimu mmoja.

Nilimpelekea Madam Chepkirui kipande cha ubao. Hakuhitaji hata dakika mbili. Alisema nyumba za sakafu ya mbao hupumua chini, na matundu ndiyo pua zake. Ukiziba, unyevu unabaki ndani na mbao zinaoza. Akaniuliza kama hatukuwa na fundi wa kutuambia.

Tulikuwa naye.

Ulijua, Babu. Uliniuliza vidole vingapi kwa sababu ulitaka kujua kama kabro zitafika kwenye matundu. Nilipiga magoti kwenye kokoto nikakupimia, nikafikiri tunaiokoa nyumba. Kumbe ulikuwa unahesabu itaoza lini. Umemdharau Kimutai kwa kuziba matundu bila kujua. Yeye hakujua. Wewe uliziba mdomo ukijua, na chumba kinachooza ni ninacholala mimi.

Nimekuwa nikiringa shuleni kwamba babu yangu hawezi kupanga jiwe moja vibaya. Nimeacha.

Jambo la mwisho. Nilimwonyesha Baba Mdogo ule uyoga. Alikaa kwenye kitanda changu, nikamuuliza kwa nini lazima ziwe kabro. Akasema, "Nilitaka mzee akija asipate matope popote. Nilitaka apite mbele, na nisiwe na la kumwambia." Mpango wangu bado ulikuwa mfukoni mwa koti lake. Alikuwa ameukunjua na kuukunja mpaka umechanika katikati.

Nyie wawili mngeweza kuandikiana. Stempu zinauzwa.

Mjukuu wako,
Akumu

*

Ugunja,
Jumapili, 20 Julai 2025

Kwa Akumu,

Dani yako anauliza hali yako. Mimi pia nauliza.

Barua yako ina mwezi hapa mezani. Nilianza kujibu mara nne. Mara ya kwanza nilikujibu wewe kwa ukali. Mara ya pili nikamjibu Obonyo. Zile nyingine zilikuwa uongo.

Nilijua. Nilitaka sakafu imfedheheshe mbele ya wageni wake kama alivyonifanyia. Nikatumia vidole vyako kupima. Katika miaka arobaini na sita sikuwahi kuharibu nyumba ya mtu, hata ya yule asiyejua jina langu. Nimeharibu ya mwanangu bila kugusa chochote.

Sikiliza. Toeni kabro upana wa hatua mbili kando ya ukuta wote. Chimbeni hadi mwone jiwe la msingi. Plasta ya matundu itolewe kwa patasi ndogo, polepole, vyuma vyake ni vya zamani. Mbao laini zing'olewe zote. Msionee huruma ubao hata mmoja. Fungueni madirisha. Kabro za getini ziacheni, gari la Obonyo lina haki yake. Mpango wako ulikuwa sahihi, ila mteremko uliuchora mdogo, ongeza kidole.

Mawe yangu mtu asiyaguse wala asiyaoshe. Nitayapanga mwenyewe, na wewe utanishikia kamba. Kimutai aje pia. Atabeba mchanga, nitazame kama ndoo inamfaa.

Nitafika Jumamosi, tarehe 2 Agosti. Mwambie Obonyo kwamba nitakuwa nimetoka shambani, na huku kumenyesha wiki nzima. Nitakuja na viatu vile vile, na nitapita mbele.

Uhamie chumba kingine hadi nifike.

Babu yako,
Ooko