Nani Anafuta Maneno ya Duka la Asali?

Alhamisi, jioni. Joto limeshika mtaa wetu wa Cheyo tangu asubuhi, upepo hakuna, na mimi nimekaa barazani na moyo usiotulia. Naandika ili nisiendelee kuongea peke yangu.

Wiki hii nzima nimemshuku mtu. Tena si mtu baki. Rafiki yangu.

Mimi na Faraja tulisoma chuo pamoja. Yeye akarudi kwao Nzega, mimi nikabaki hapa Tabora, na tukaanza kutengeneza maduka ya mtandaoni. Mteja wetu mkubwa ni Bi Zuwena wa mtaa wa Mtendeni, wa ukoo wa Waarabu wa hapa waliozaliwa ndani ya biashara. Anauza asali anayoletewa kutoka Ipole. Faraja alitengeneza sehemu ya kupokea oda. Mimi nilitengeneza sura ya duka: rangi, picha, mpangilio, na maneno ya ukurasa wa mbele.

Kazi yangu siifanyi kwa kubofyabofya. Nafungua lile dirisha jeusi la kompyuta na kuandika amri. Amri moja inashusha mafaili ya duka yaje kwangu, nyingine inayapandisha yarudi hewani. Naipenda kwa sababu haina maneno mengi. Unaiambia fanya, inafanya.

Jumatatu niliposhusha mafaili nilikuta sentensi yangu haipo. Nilikuwa nimeandika, "Asali nyeupe ya Ipole, laini kama hariri." Palibaki "Asali ya Ipole," basi. Picha ya chupa nayo imeondolewa. Sikumwuliza mtu. Nilirudisha maneno yangu na picha, nikapandisha.

Jumanne yamefutwa. Nikarudisha. Jana, hivyo hivyo.

Wenye ruhusa ya kuingia na kubadilisha duka tulikuwa watatu: mimi, Faraja na Bi Zuwena mwenyewe. Bi Zuwena nilimtoa mapema kwenye fikra zangu. Simu yake, nilivyojua mimi, ni ya kupigia na kutuma salamu za Ijumaa. Akabaki mmoja.

Shaka ikishaingia hujitafutia chakula. Nikakumbuka Faraja aliwahi kusema maneno yangu yana madoido mno. Nikakumbuka mwezi uliopita alimpigia Bi Zuwena bila kuniambia. Nikaona wazi kwamba anataka nionekane sijui kazi, mteja abaki wake. Hata jinsi alivyochelewa kujibu ujumbe wangu niliigeuza ushahidi.

Jana mchana nikamwondolea ruhusa. Haikuchukua muda akapiga.

"Tatu, mbona siingii dukani?"

"Jiulize mwenyewe."

"Nijiulize nini?"

"Unayoyafanya nikigeuka."

Akasema, "Sikuelewi," akakata simu. Mimi nikajipongeza kimoyomoyo, nikasema kashikwa.

Leo asubuhi maneno yamefutwa tena.

Na Faraja hana ruhusa tangu jana.

Sikunywa hata chai. Nilibeba kompyuta yangu nikaenda Mtendeni kumwambia Bi Zuwena kwamba duka lake limeingiliwa. Nilimkuta amekaa kati ya madumu ya asali, miwani puani, simu mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba." Hakuongeza "mwanangu" kama kawaida yake. Hakunionyesha kiti.

"Kuna mtu anaingia kwenye duka lako la mtandaoni."

"Namjua," akasema. "Nilikuwa namngoja aje mwenyewe."

Akanigeuzia simu. Ukurasa wa kuhariri duka ulikuwa wazi. Kumbe binti yake alimwelekeza namna ya kuingia na kubadilisha maneno kwa kidole.

"Mzigo wa safari hii ni mweusi," akasema. "Nyeupe imekwisha. Kuna mtu wa Dodoma nimempelekea, kaniandikia kwamba nimechakachua, nimetia sukari guru, kwa sababu duka langu linasema nyeupe. Mimi niambiwe hivyo, Tatu. Marehemu baba kauza hapa mpaka anazikwa, hakuna aliyemwambia neno hilo. Nafuta, kesho nakuta limerudi. Nafuta, limerudi. Nikasema huyu mtoto ana lake, au katumwa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Nilimweleza kwamba nilikuwa narudisha maneno yangu nikidhani anayefuta ni mtu mwingine, na kwamba amri ninayoandika inapandisha mafaili kama yalivyo kwangu na kufunika aliyoandika yeye, wala haiulizi ni ya nani. Hakuamini. Nikafungua kompyuta, nikamwomba aandike neno lolote kwenye simu. Nikashusha mafaili mbele yake, akaliona neno lake limefika kwangu. Nikapandisha ya zamani, akaliona limepotea. Alitazama lile dirisha jeusi kama anatazama mtu asiyemwamini bado.

Tukaandika pamoja: "Asali nyeusi ya Ipole. Nyeupe imekwisha." Nikamwandikia mteja wa Dodoma kwamba kosa la maneno ni langu, asali ni safi. Mpaka sasa hajajibu.

"Kaa unywe kahawa, mwanangu," Bi Zuwena akasema. Nikakaa. Ndipo akauliza, "Na mwenzako hajambo? Mwezi uliopita alinipigia kunipa pole ya msiba wa wifi yangu. Ana adabu yule."

Nikaweka kikombe chini, nikafungua kompyuta.

Nilimrudishia Faraja ruhusa nikiwa bado kwenye kile kiti, nikatoka nje kumpigia. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Jana uliponiambia nijiulize, nilijiuliza kweli," akasema. "Nimepitia kazi yangu yote nikitafuta nilipokosea."

"Nisamehe, Faraja. Nimekurudishia ruhusa."

"Nimeiona. Sina ugomvi na wewe, Tatu. Ila sijui kama nitaingia tena."

Nimempigia tena alasiri, hajapokea. Nimeandika ujumbe na kuufuta, nikaandika mwingine nao nikaufuta.

Kesho asubuhi napanda basi la Nzega. Sijui nitaanza na neno gani, wala sijui kama atanifungulia mlango. Nitabisha.