Kaka Hakulishwa Sumu

Kericho, huku kwenye majani chai

Mama yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi niko hai, na nasema hivyo kwa sababu. Ningepiga simu, lakini ungeikata kabla sijamaliza.

Mwezi uliopita nilikuwa nikichuma chai, mkono wa kulia ukaisha nguvu ghafla. Nilijaribu kumwita Chebet, mwenzangu wa mstari wa pili, maneno yakatoka kama ya mlevi. Baada ya dakika chache nikawa sawa. Nilitaka kuendelea na kazi, lakini Chebet alinikokota hadi zahanati.

Muuguzi alinipima presha mara mbili. "Kwenu kuna mtu alipata kiharusi akiwa bado kijana?"

"Baba. Hakufika arobaini. Halafu kaka yangu alianguka vivyo hivyo, akiwa na thelathini na tano."

Akaweka kalamu chini. "Dada, hii maneno iko kwa damu yenu. Si lazima ikupate, lakini huwezi kuishi kama mtu ambaye kwao haiko."

Alinituma hospitali kubwa, na daktari akasema hivyo hivyo. Sasa nameza dawa kila asubuhi, chumvi nimepunguza, ugoro nimeacha. Tangu mashine za kuchuma zije, nyumba nyingi za wafanyakazi zimebaki tupu, na jioni Chebet hurudi kwao. Nakula sukuma isiyo na ladha nikitazama ukuta. Namkumbuka kaka, sigara sikioni, akinyunyiza chumvi kwenye samaki kabla hata hajaonja.

Hapo ndipo nilipomfikiria mkewe, Achieng. Kaka alipokufa ghafla, tulisema alimlisha sumu. Wewe ulisema kwa sauti, mimi nilinyamaza, akaondoka na wajukuu wako wawili kwenye mvua. Kunyamaza kwangu kunanikosesha usingizi kuliko presha.

Jumapili nilimfuata huko Kedowa, anakouza viazi kando ya barabara. Nilimweleza yote, nikamwomba wasichana wake wawili wasizoee chumvi na wakikua wapimwe mapema. Hakulia. Aliendelea kupanga viazi kwenye ndoo.

"Miaka minne," akasema, "nimengoja mtu wa kwenu aje aseme hivyo." Kisha akaniuliza, "Na mama anasemaje?"

Swali hilo nimekubebea. Nijibie wewe.

Mwambie Ouma, kitinda mimba wako, akapimwe presha wiki hii, asingoje kuumwa, na sigara aitupe. Shangazi pia, dada yake Baba, umsalimie na umpeleke akapimwe. Wanakwaya wenzako wape mkono wangu.

Achieng hakunipa salamu za kukuletea, sitakudanganya. Alinipakulia viazi alivyopika mwenyewe. Nilikaa mbele yake nikala, nikamaliza sahani.

Ni mimi uliyenibeba mgongoni,
Anyango