Mbuzi Watatu wa Kwa Mzee Jamleck

Uthiru, Nairobi
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Mukai,

Bwana asifiwe sana. Habari za huko Mwingi? Mvua imewafikia ama bado mnatazama mawingu tu? Mama anaendeleaje, na ile dawa ya kupaka niliyotuma ilimsaidia? Mimi mwili ni mzima. Cherehani yangu bado iko River Road, ghorofa ya pili, na kwa vile shule zinafunguliwa, sare zimenijaa hadi mlangoni. Barua hii anakuletea Ndanu wa kanisani kwetu. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatia kabla sijafika katikati, na jambo hili lazima ulisikie lote.

Uliniuliza kesi ya mtoto imefika wapi. Nilienda kortini kweli, dada. Ni Maxwell, huyu tunayeshona naye, aliyenisukuma. Alisema sheria ya siku hizi haiulizi kama mlioana. Ukiwa ndiwe baba, mtoto ni wenu nyote wawili, kumlisha na kumlea. Na mimi nilikuwa nimechoka. Tangu aanze shule karo nalipa, chakula natuma, lakini nikiomba kukaa naye hata Jumamosi moja naambiwa ana homa, ama wametoka. Baba amekuwa mtu wa kutuma tu! Pale Milimani, kwenye benchi la kungojea, nilikuwa mwanamume peke yangu, na akina mama walinitazama vile unamtazama mtu aliyetoroka watoto. Nikawaambia, bila kuulizwa, kwamba mimi ndiye niliyeshtaki. Mmoja akacheka, lakini akanisogezea nafasi.

Sasa nikuambie la moyoni. Sikwenda kwa sababu ya haki peke yake. Nilienda kwa sababu ya Waithaka, huyu bwana aliyemuoa Ciru mama mtoto, wanakaa naye Mountain View. Wivu, dada. Wivu umenila mpaka suruali zinanilegea. Januari nilimshonea mtoto gauni la shule, nikachagua vifungo kimoja kimoja, nikapeleka mwenyewe. Mtoto akalivaa, zipu ikakataa kupanda. Mimi, ambaye nikimwona mtoto wa mtu mlangoni nampima kwa macho na sikosei! Waithaka akaingia chumbani akatoka na gauni lingine, la kununua dukani, likamkaa sawasawa, na chini limeachwa pindo la kufumuliwa akirefuka. Kisha akanikaribisha chai. Niliinywa kama shubiri. Yeye mtoto anamwita baba, mimi ananiita baba Musili, kama mtu wa mtaani. Na viatu anamfungia kwa kupiga magoti, jitu zima! Nilishuka mpaka Waiyaki Way nikiongea peke yangu.

Korti ikatupeleka kwa mpatanishi, mama mmoja wa makamo, mpole. Alituambia wazi kwamba haki yangu ni sawa na ya Ciru, na wajibu pia ni sawa. Nilifurahi, nikamtazama Ciru nione kama amekunja uso. Wala. Alisema hajakataa mtoto awe na baba yake. Anachotaka kujua ni kwa nini watu wetu wanamwita baba yake yeye Ciru mzee wa madharau. Hapo nikasimulia ile habari mnayoijua, jinsi mzee Jamleck alivyowafukuza mbuzi wetu watatu wa ntheo, wa kumposea Ciru, eti binti yake hawezi kuolewa na Mkamba. Niliisimulia vizuri hadi mwenyewe nikaingiwa na uchungu. Mpatanishi akasema sheria haimuulizi baba alileta mbuzi wangapi. Ciru alisimama akaenda kumwita Waithaka aliyekuwa akingoja nje.

Dada, kama umesimama, kaa chini.

Wakati ule Waithaka alikuwa mpangaji wa mzee Jamleck kule Mutuini. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba ile Ijumaa aliniona nimefika getini na mbuzi watatu, nikasimama kidogo, nikageuka nikaenda nao. Hakuna aliyenifukuza. Mzee hata hakujua nimefika. Alisema alinyamaza kwa sababu alidhani nina sababu zangu, mpaka mwezi uliopita Ciru alipomweleza vile mnavyomsema baba yake.

Ni kweli tupu. Wazee wetu walikuwa waje Jumamosi, kazi yangu ilikuwa kuwatanguliza mbuzi. Nilipofika getini nilimwona Ciru, tumbo limeanza kuonekana, ameshika upande mmoja wa blanketi lililofuliwa na huyo mpangaji ameshika upande wa pili, wanalikamua, wanacheka. Basi. Hilo tu. Nikasema mimba ni ya huyu. Sikuuliza. Mbuzi nikawapeleka kwa wachinjaji wa Dagoretti, mbuzi wako, dada, uliowatoa zizini mwako na kuwafunga kamba kwa mikono yako. Kisha nikawapigia wazee simu wasije, tumekataliwa. Mlinihurumia sana. Wewe ulilia. Mtoto alipozaliwa na paji la uso la mama yetu, nilijua nilichofanya, lakini nitaanzia wapi? Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imechukua miaka minane.

Na siku ile Waithaka hakuwa na lolote na Ciru. Walianza mtoto akiwa na miaka miwili, mimi nimeingia mitini. Nilimwonea wivu mtu ambaye hakuwa amechukua kitu, nikampisha, akaingia. Sasa ameingia kweli, na sipati kosa lake hata nikitafuta. Nimetafuta, Ngai!

Mkataba wa malezi uko tayari: wikendi mbili kila mwezi, nusu ya likizo, na jina langu shuleni kama mzazi. Ciru atatia sahihi siku nitakayowaambia watu wetu ukweli, na mtu wa kwetu afike Mutuini amwombe mzee Jamleck msamaha. Mpatanishi alimwambia hawezi kunishurutisha, kwamba naweza kurudi kwa hakimu nikapewa haki yangu bila sharti hilo. Maxwell anataka nirudi. Ananiita mjinga. Lakini nikimchukua mtoto hivyo, nitakuwa nampeleka kwa watu wanaomtukana babu yake kwa uongo wangu, na siku moja ataniuliza.

Limebaki moja, ambalo hata kwa mpatanishi lilinishinda. Niliwaambia ninyi nyumbani mtoto anaitwa Hannah, jina la mamake Ciru, na mama akasema basi wametufuta. Nilidanganya. Ningewaambia jina lake mngejua hatukukataliwa. Bila mbuzi hata mmoja, huku tukiwasema vibaya, Ciru na baba yake walimpa jina la nyanya yake wa upande wetu, kama inavyotakiwa kwa binti wa kwanza, kwao na kwetu. Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Syokimau. Ana miaka saba, na mama hajui kwamba ameshazaliwa tena.

Wasalimie watoto, na shemeji Kitavi, na majirani wote wanaoniulizia. Msomee mama barua hii yote, usiruke hata pale pabaya. Akitaka kunilaani, anilaani, lakini mwambie jina kwanza.

Ni mimi ndugu yako,
Musili