Neno la Anayemlisha Tajiri

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi kazini. Malaria imenimaliza mwili, sketi inazunguka kiunoni, lakini nimerudi. Nimepika posho, ugali wa huku, na dagaa wao mukene kama kawaida, nimegawa, mbwa wote wamenirukia kama wendawazimu. Isipokuwa Tajiri. Amelala tu bandani mwake, kanipungia mkia mara moja akaona inatosha.

Halafu nikaiona sahani yake. Maini. Yamekauka, nzi juu.

Kituoni kwetu Luzira mbwa waliookolewa hawapewi maini ovyo. Ikishaamuliwa kwamba mbwa haponi, siku moja kabla ya sindano ya mwisho analishwa maini, ale ashibe aende. Ndivyo nilivyowakuta wakifanya. Na kuna desturi nyingine: sindano hiyo haitoki kabatini mpaka anayemlisha huyo mbwa aseme ndiyo. Daktari aseme asemavyo, bila neno la mlishaji hakuna kitu. Tajiri namlisha mimi. Sijasema neno lolote.

Nani kaleta maini?

Daktari Nassuuna alianza kuniambia jambo juu ya Tajiri. Nimemkatiza. Nimesema kichwa kinaniuma. Na kilikuwa kinauma kweli.

Jumanne, 7 Oktoba

Wananong'onezana. Daktari na Juma, nyuma ya jiko. Nikitokea, wanatawanyika. Juma kakimbilia bombani kunawa, ule mkebe wake wa udongo kando, maana akilambwa na mbwa hasali mpaka ajitakase kwa udongo. Leo kanawa na kunawa. Hakutaka kuniangalia. Juma huyu, Mnubi wa Bombo, mwenzangu wa kufagia mabanda, anayeniita "dada yangu wa Kenya" mpaka nachoka.

Nimemuuliza habari ya maini. Kasema, "Nilimpa tu." Tu! Tangu lini maini yakagawiwa tu?

Nadhani nimeshajua. Wiki iliyopita wameletwa watoto wa mbwa waliookotwa mtaroni kule Mengo. Weupe, wanene, watu watawagombania. Na banda hakuna. Tajiri ni mzee, jicho moja lina ukungu, shingoni ana kipara pale waya ulipomla nyama. Alifungwa nyuma ya stoo moja sokoni Kikuubo mpaka mwenye stoo akahama akamsahau. Hakuna atakayekuja kumchagua huyo. Kwa hiyo apishe wengine. Nimewaelewa vizuri sana.

Jioni daktari kanifuata. "Nyabo, tukae kidogo tuongee." Ananiita bibi, kwa heshima zote. Nimesema nawahi boda. Najua maongezi yao. Nikikaa watanilainisha, neno litanitoka. Nisipokaa, hawana neno. Mimi si mtoto wa jana.

Tajiri hajala posho leo. Kainusa, kageuza uso. Atakula kesho.

Jumatano, 8 Oktoba

Juma anachimba shimo nyuma ya ua. Nimemuuliza la nini. La takataka, kasema. Mwongo. Shimo la takataka lipo na halijafika hata nusu.

Kisha daktari naye: kesho ni sikukuu ya uhuru, wewe bado huna nguvu, kaa nyumbani upumzike, sisi tupo. Sauti ya asali. Sikukuu zote nimekuwa nikifanya kazi hapa na hakuna aliyewahi kunihurumia. Huruma imefika leo!

Nimechukua ufagio nikaenda zangu. Ningemjibu ningetukana.

Sasa sina shaka hata kidogo. Maini, minong'ono, shimo, na mimi nifukuzwe nikalale. Wanataka kumdunga kesho nikiwa sipo, halafu Ijumaa waniambie alijifia mwenyewe usingizini. Na mimi niseme pole.

Mchana nimetoka nikaenda mpaka Kikuubo kununua kufuli. Kubwa, la shaba. Jioni, wote walipokuwa kwa wale watoto wa mbwa, nimelifunga kwenye banda la Tajiri. Ufunguo nimeuvaa shingoni. Wamdunge kupitia kwenye waya basi.

Tajiri alinitazama nikifunga. Hakuinuka. Nimemwambia nakulinda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi nilizima simu wasije wakanibembeleza. Nikafua. Nikasikiliza hotuba redioni. Roho ikakataa kutulia. Mchana nikaiwasha: Juma kapiga, kapiga tena, kapiga mpaka kachoka. Nikachukua boda.

Nilimsikia Tajiri kabla sijafika getini. Sikujua mbwa anaweza kutoa sauti ile.

Walikuwa wamekata kufuli kwa msumeno wa chuma. Mikono ya Juma imechubuka yote. Daktari amepiga magoti ndani ya banda, anamdunga. Nikapiga kelele. Akaniambia bila kugeuka kwamba ni dawa ya maumivu. Wamekuwa wakimpa kila asubuhi kabla sijafika. Leo asubuhi hakuipata, kwa sababu ya kufuli langu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema figo za Tajiri zimekwisha. Aliligundua hilo nikiwa bado kitandani na malaria, akataka kumpumzisha siku ileile. Juma ndiye aliyekataa. Alisema mlishaji wake hajasema, tumngoje. Hilo ndilo daktari alilotaka kuniambia Jumatatu, na Jumanne, na mimi nikawahi boda. Maini alinunua Juma mwenyewe baada ya Tajiri kukataa posho, akidhani labda ataonja. Hakuonja. Shimo lilikuwa la Tajiri kweli, ila Juma aliuona uso wangu akaogopa kusema. Na sikukuu? Daktari aliniona nimedhoofika, akataka nipumzike. Basi.

"Tulikuwa tunakungoja wewe, bambi," Juma kasema, kwa neno lao la pole. Hakusema kwa ubaya.

Nimeona aibu, na bado naiona. Walimweka hai na maumivu yake kwa heshima yangu. Mimi nikawa nazunguka Kikuubo kutafuta kufuli.

Nikaingia, nikakaa sakafuni, nikaweka kichwa chake mapajani. Nikasema ndiyo. Daktari akafanya kazi yake. Tajiri hakushtuka hata kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimepika, nimegawa, nimebadilisha maji. Wale watoto wa mbwa wamehamia banda la Tajiri na wanatafuna kila kitu. Juma ameongeza mawe juu ya kaburi ili mbwa wengine wasifukue. Nimempaka dawa mikononi, amenitania kwamba mimi nikinunua kufuli nanunua la benki. Nimecheka kidogo.

Tukinywa chai daktari aliuliza kama tuiache ile desturi ya neno la mlishaji. Nimesema hapana, ibaki. Anayemlisha mbwa lazima aulizwe. Ila nikiugua tena, nimewaambia, msiningoje.

Daktari akasema kale, sawa. Juma akaniongezea chai. Mvua ilipopungua tukaenda kuosha masufuria.